Majina Nyuma ya Kitabu

Mama Odile hakubisha hodi. Aliingia na ndoo yake tupu, akausukuma mlango kwa mgongo hadi ukafungika, akasema kwa sauti ya chini, "Tata Ngeleka, banakuya. Banatafuta kitabu."

"Kitabu gani?" Ngeleka aliuliza, ingawa alijua. Ukiacha Biblia, nyumba ile ilikuwa na kitabu kimoja tu.

"Kitabu ya Kampuni. Banza ya kwaya yenu njo alibaambia, pale ku bomba ya maji, nasikia na masikio yangu. Alisema, 'Ngeleka iko na kitabu, mule ndani banaandika kila mutu na kwao.' Dodo akajibu, kisha kula banakuya."

Mwadi, mke wa Ngeleka, alikuwa ameketi sakafuni na beseni la karanga alizokaanga alfajiri kwa makaa yao ya mwisho. Mkono wake ulisimama ndani ya karanga.

Ulikuwa mwaka 1993, na katika Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, redio ilirudia kila siku kwamba watu wa asili ya Kasai warudi kwao, na vijana wa Dodo walipita nyumba hadi nyumba wakiwafukuza. Ngeleka alizaliwa katika kambi hiyohiyo ya wafanyakazi, nyumba namba 212. Huko kulikoitwa kwao hakuwahi kukuona. Lakini kazi alikuwa amekwisha kufukuzwa, ukuta wake ulikuwa umechorwa msalaba wa chaki, na mizigo ilikuwa imefungwa. Walingoja tu siku ya treni. Kwake yeye kitabu kisingeongeza kitu. Maji yakikufika shingoni, tone moja halikuogopeshi.

Kwa Mama Odile ilikuwa habari nyingine. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa Kasaji, mji wa hapohapo Katanga, na kambi nzima ilimjua yeye kama mama wa Kasaji, mkunga aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa. Hakuna aliyekumbuka baba yake alitoka wapi. Kitabu kilikumbuka: Kasai.

"Iko jina yangu mule?" aliuliza.

"Iko, mama. Mimi ndiye niliyeiandika."

Mama Odile alimtazama kitambo, kisha akainua ndoo yake akatoka. Macho yale yalimchoma Ngeleka.

Miaka kumi nyuma, Kampuni ilipotaka kusherehekea umri wake, mkubwa wa ofisi alimwita Ngeleka, karani wa makaratasi ya zamani, amsaidie kutunga historia ya Kampuni na mji wake. Kwa miaka mitatu Ngeleka alifungua masanduku yenye mchwa. Kitabu kilipokaribia kwisha, aliona kimejaa picha za mabomba ya moshi, mashine na wazungu wenye kofia. Akaomba, tena kwa kung'ang'ania, kwamba mwishoni yawekwe majina ya wachimbaji wa kwanza: jina, mwaka wa kufika, kwao, namba ya nyumba na watoto. Karatasi sita. Siku ya sherehe aliyazuia machozi kwa shida. Nakala zilikuwa mia tatu. Nyingi ziliangamia katika uporaji wa mwaka 1991, wauza mandazi wakafungia mandazi yao. Hii moja ilibaki kwa sababu Mwadi aliilalia chini ya godoro.

"Tukikosa kuwapa, watatuua," Ngeleka alisema. "Tukiwapa, wataua wengine."

"Bape kitabu," Mwadi alisema. "Majina ubakie nayo."

"Niyafiche wapi? Chooni?"

"Ku choo banatafutaka kwanza. Kwa jirani Mulumba balichokoa mpaka chini." Aliangalia mbabula, lile jiko lao la makaa, limejaa majivu baridi, na njiti ya mwisho ya kiberiti aliitumia alfajiri. Kisha akaangalia beseni lake. "Leta hapa."

Ngeleka alielewa. Kila mwanamke aliyeuza karanga Kolwezi alizifunga katika karatasi iliyosokotwa kama pembe ya mbuzi. Nani angechungulia karatasi ya karanga?

Alianza kuchana. Mwadi aliikata kila karatasi vipande vinne, akasokota, akajaza karanga, akasimamisha pembe zile ndani ya beseni. Karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Karatasi ya Mama Odile ilikuwa ya tano. Ngeleka aliiruka ya nne, akachana ya tano, akachana ya sita. Kisha mkono wake ukatulia.

"Na ile?" Mwadi aliuliza.

"Ile ni ya Nkulu. Baba ya Banza."

Mzee Nkulu alikuwa mtu wa Lubudi, Mkatanga mtupu. Lakini mwaka ule alipoajiriwa alipandia njiani, katika treni ya wafanyakazi iliyoanzia Mwene-Ditu, huko Kasai. Karani wa siku hiyo aliandika Mwene-Ditu mara moja juu ya ukurasa, kisha akateremsha alama za kurudia hadi chini, mtu baada ya mtu. Nkulu mwenyewe alicheka habari hiyo hadi uzee wake. "Ku makaratasi mi niko Mukasai!" alizoea kusema akiwa na Ngeleka peke yao. Na Ngeleka, alipoandaa orodha, aliijua kweli lakini hakurekebisha. Aliona kwamba daftari la Kampuni si la kuguswa na mtu mdogo. Niliyoandika nimeyaandika: alijisifu kwa maneno ya Pilato, wala hakuona aibu.

Sasa maneno hayo yalikuwa mbele yake. Banza, mwimbaji wa sauti ya chini aliyesimama naye katika kwaya miaka kumi na tisa, aliyemwita Yaya, yaani kaka mkubwa, ndiye aliyemchongea kwa Dodo. Basi akibebe kitabu kwa mikono yake mwenyewe. Siku hizo karatasi moja ilitosha kumfanya mtu kuwa wa Kasai. Hakuna ambaye angengoja maelezo ya alama za kurudia.

"Hatukumwita sisi," Ngeleka alisema. "Mtu huvuna alichopanda."

Mwadi alianza kusali polepole huku akisokota, kama alivyosali kila alipokuwa na hofu. "Baba yetu uliye mbinguni..." Ngeleka alifuata kwa mazoea, hata wakafika mahali pa kusamehewa makosa kama tunavyowasamehe. Mwadi akaendelea. Sauti ya Ngeleka haikuendelea.

Nje, mtu alipiga geti teke.

Ngeleka aliichana karatasi ya nne. Ilichanika vibaya, kwa mshindo. Hapakuwa na wakati wa kuikata. Mwadi aliisokota nzima, akaitupia konzi ya karanga, akaiweka juu ya nyingine. Ilikaa imeinama, maandishi yametazama nje.

Waliingia watano. Dodo alikuwa mbele, kijana mwembamba mwenye fimbo ya waya. Banza alikuja nyuma yao, macho chini.

"Muzee ya bilulu!" Dodo alisema, kwani bilulu, yaani wadudu, ndivyo walivyowaita watu wa asili ya Kasai. "Mungali hapa? Treni inawaogopa?"

"Tunaingoja, mutoto yangu."

"Mi si mutoto yako. Leta kitabu."

Ngeleka alikitoa kwa mikono miwili. Dodo alifungua, akaona mabomba ya moshi, bwawa, timu ya mpira. "Majina iko wapi? Banza, ulisema iko majina!"

"Iko nyuma," Banza alisema.

Dodo alifunua nyuma. Akapitisha kidole penye mshono wa kitabu. Kisha, kama mtu anayefikiri, akanyoosha mkono kwenye beseni, akachukua pembe iliyoinama juu, akamimina karanga kinywani. Mwadi alifumba macho.

"Mama, kalanga yako iko na chumvi kidogo," Dodo alisema akitafuna. Akaikunja karatasi, akaitupa. Ikaanguka miguuni pa Banza.

Banza aliinama. Labda alitaka tu kuwa na kitu cha kufanya. Ngeleka alimwona akiifungua kidogo, akimwona baba yake pale, Nkulu, na juu kabisa, Mwene-Ditu. Uso wa Banza ukawa na rangi ya majivu ya mbabula.

"Nauliza tena," Dodo alisema, akainua fimbo. "Hapa kulichanika?"

Karanga zilivunjika katika meno ya Dodo.

"Nilikosea," Banza alisema. Sauti yake nzito ya kwaya ilikuwa imekauka. "Majina ilikuwa katika kitabu ingine, ile balichoma ku biro ya Kampuni. Hii inamalizikaka na bwawa. Kushonwa kwake njo kubaya."

"Unatutembeza bure, mukubwa?"

"Nilikosea, nasema."

Dodo alimpiga kwa kitabu begani, kama mzaha, kama si mzaha. Wakabeba redio na viatu vya Ngeleka, wakatoka. "Kesho musionekane hapa!"

Banza alibaki nyuma, ngumi imefumbata karatasi.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mzee wako angali hai."

"Na ukaichana."

Ngeleka angeweza kunyamaza, akaonekana mtu mwema. Lakini sala ile ilikuwa bado haijaisha ndani yake.

"Niliichana ya mwisho, Banza. Nilitaka kuiacha."

Banza alitikisa kichwa taratibu. Hakuomba msamaha, wala hakutoa. Aliisukuma karatasi ndani ya soksi yake, akaenda pembeni penye mizigo, akainua godoro kichwani.

"Ku gare ya treni iko mbali, Yaya. Tuende mbele ya bengine kukuya."

Mwadi alibeba beseni. Mtaa wote uliwaona wakipita, na vijana wa Dodo pia waliwaona, kwenye kona ya bomba la maji. Mama Odile alikuwa pale na ndoo yake. Mwadi alisimama, akachagua pembe nne za karanga, zile za karatasi ya tano, akazitia ndani ya ndoo ile.

"Kula yote, mama," alisema. "Karatasi utawashia moto."