Picha ya Sita

Kulhuwallahu ya arubaini na tatu. Bi Mize alikuwa amechuchumaa ghalani, mlango umezibwa kwa blanketi na mikeka miwili, na mikononi mwake filamu ilikuwa ikipanda na kushuka ndani ya bakuli la dawa. Giza lilikuwa zito hata vidole vyake mwenyewe hakuviona. Saa ya kumhesabia dakika hakuwa nayo. Alikuwa na sura moja fupi tu, na marehemu mumewe alimfundisha kwamba ukiisoma mara sitini bila pupa, filamu imeiva. Ukiisoma kwa hofu, unaitoa mbichi. Siku hiyo alikuwa hana hofu bado.

Alipomaliza sitini aliitia filamu katika bakuli la pili, akangoja, akaisuuza kwa maji ya mtungi, kisha akavuta blanketi na kuinyanyua dirishani. Picha nane, zote zimetoka. Katika filamu mambo huwa kinyume: nywele nyeusi huonekana nyeupe kama za ajuza, na kanga nyeupe huwa nyeusi tititi. Wateja wake wakionyeshwa hucheka, wakasema kumbe ndivyo watakavyozeeka. Bi Mize alizipitia moja moja, akiridhika, mpaka akafika ya sita.

Pembeni mwa picha ya sita, karibu na bega la mteja, palikuwa na alama nyeusi iliyosimama wima, ndogo kuliko punje ya mchele. Alidhani ni tone la dawa. Akaipangusa kwa ncha ya kidole, haikutoka. Akaisogeza karibu na jicho, na hapo moyo ukamlipuka, kwa sababu tone la dawa halina mikono, na hili lilikuwa na mkono umeshika kiuno.

Alikaa chini sakafuni palepale.

Ieleweke Bi Mize alikuwa mtu wa namna gani pale Chake Chake. Mumewe, Silima, alikuwa mpiga picha, na alipokufa mwaka wa hamsini na tano hakuacha shamba wala mkarafuu mmoja. Aliacha kamera ya kukunja yenye mvukuto wa ngozi, mabakuli matatu, na mke aliyekuwa akimsaidia kusafisha filamu kwa miaka kumi na mmoja. Watu walitaraji mjane ataiuza kamera. Badala yake wanawake wakaanza kuja wenyewe, mmoja mmoja, wakipitia mlango wa uani. Walikuwa na waume safarini, Mombasa, Dari Salama, hata Kuweti, waliotaka kuona nyuso za wake zao, na hakuna mwanamke mwenye heshima zake ambaye angevua buibui mbele ya mpiga picha mwanamume. Kwa Bi Mize walivua. Walisuka nywele, wakajitia wanja, wakakaa watakavyo. Naye kila mmoja alimwambia maneno yale yale: haya ni macho yangu na yako, la mtu wa tatu halimo. Picha zikiwa tayari, humhesabia mteja filamu zake mkononi, nane kwa nane, zisibaki nyumbani kwake hata usiku mmoja. Kazi yake yote ilisimama juu ya ahadi hiyo. Kamera watu wengine nao walikuwa nazo.

Mteja wa safari hii aliitwa Mwanawema, binti wa Tanga, mwembamba, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kunyamaza. Mumewe, Kificho, alikuwa Mpemba aliyepata kazi bandarini Adeni. Alimwoa Tanga, akakaa naye mwaka mmoja na nusu, akaondoka miezi mitatu iliyopita. Alimwachia mimba. Ilikuwa ya tatu, na mbili za mwanzo zilitoka. Mwanawema alikuja Pemba kuwaamkia wakwe kabla hajawa mzito, na mumewe akamwandikia barua: nenda kapigwe picha mahali nilipochezea utotoni, Wesha gatini, ngomeni Chake, na Pujini kwenye magofu ya mtawala wa kale, Mkame Ndume, na ya Pujini nataka nikuone kichwa wazi, ukicheka. Mama mkwe, Bimkubwa, mgonjwa wa miguu, alitoa ruhusa kwa sharti kwamba aende na Bi Mize na asiende na mwengine.

Gari la kukodi alilitafuta Bi Mize mwenyewe. Alimchagua Matano, dereva mpole ambaye hata honi yake aliipiga kwa adabu, na alipofika Pujini alimwambia abaki barabarani, ageuzie gari mgongo, asisogee mpaka aitwe. Wesha na ngomeni Mwanawema alipigwa na buibui lake, watu wakipita. Pujini wakaingia wawili tu, wakatoa salamu kwa majini, wenyewe wa pale, kama ilivyo ada, maana hakuna Mpemba anayeingia kwenye boma lile kimya kama aingiaye chooni. Walipita kisima kilichotiwa ukuta katikati ili wake wawili wa Mkame Ndume wasionane. Mwanawema akavua buibui penye ukuta uliobomoka nusu, akacheka kweli, na Bi Mize akapiga. Kijidirisha cha kamera kilikuwa kidogo kama ukucha. Alichokiona ndani yake ni uso ule tu.

Sasa, sakafuni, aliunyanyua tena ule ukanda akautazama. Bega moja chini kuliko jengine. Mkono kiunoni. Kwa kusimama hivyo, mji mzima, alikuwa mmoja tu.

Alimkuta Matano sokoni akifuta kioo cha gari, akamwita pembeni. Hakuwa na haja ya kuuliza sana, maana kijana wa watu alipomwona tu alikidondosha kitambaa.

"N'liona kimya, Bi Mize," alisema kwa sauti ya chini. "Kimya kingi. N'kadhani mmoja kaanguka kisimani na mwengine kamfuata. N'likuja kutazama. N'lipoona kichwa kitupu n'kageuka papo hapo, wallahi."

Bi Mize alimwamini, na kumwamini hakukumsaidia kitu. Alirudi nyumbani akiipima hofu yake kila upande. Kificho atafungua bahasha kule Adeni, mbele ya wenzake labda, amwone mkewe kichwa wazi anacheka, na nyuma ya bega lake mwanamume wa kanzu nyeupe, mkono kiunoni, kama mwenye nyumba. Nani atamwambia kuhusu kisima? Mtu aliye mbali husoma picha kwa wivu, na talaka nayo huja kwa posta. Ndugu za Kificho watamvunja Matano miguu. Na yeye Bi Mize, nani atampitia tena mlango wa uani?

Kulikata lile pembe la picha hakukuwezekana. Ungemkata Mwanawema mkono. Kuitupa filamu ya sita ndiyo kabisa: alikwisha ahidi nane, na akipewa saba atadhani ya nane inatembea mjini mikononi mwa wanaume. Kusema kweli, basi. Kila alipojaribu kuyapanga maneno ya kusema kweli, yaliishia kwenye jina la Matano.

Kesho yake asubuhi, filamu ilipokwisha kukauka, aliketi dirishani na wembe mpya. Silima alimfundisha kuparuza madoa na chunusi. Mwanamume mzima hakuwahi kumparuza. Alishika pumzi, akakwangua taratibu, punje baada ya punje, kwanza kichwa, kisha ule mkono wa kiunoni, kisha kanzu, akiogopa kila mara kwamba wembe utapitiliza. Jasho lilimtoka hata akajifunga kitambaa kwenye kipaji cha uso. Alipoichapa juu ya karatasi, mahali pa Matano palikuwa na kivuli cha kichaka tu. Ilikuwa kazi safi, safi mno, na Mungu amsamehe, alijisifu kidogo. Akala ubwabwa wake wa mchana kwa mara ya kwanza tangu jana.

Siku ya tano Mwanawema alikuja kuchukua picha zake. Mzigo wake ulikuwa tayari garini, gari lile lile la safari ya Pujini, maana chombo cha Tanga kilikuwa kiondoke Wete saa nane. Bi Mize alimkaribisha ukumbini, akafunga mlango, akamtandikia picha juu ya mkeka. Mwanawema alizitazama haraka haraka, ya Wesha, za ngomeni, hakusema nzuri wala mbaya. Alipofika ya sita aliinyanyua kwa mikono miwili. Akaitazama muda mrefu. Kisha akaigeuza nyuma, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka, akaigeuza tena.

Bi Mize alisogea karibu. Akauliza kama kuna kasoro.

"Hii ndiyo ile ya penye ukuta?"

"Ndiyo hino, mwanangu. Umetoka vizuri."

Mwanawema akaiweka chini. Rangi ilikuwa imemtoka usoni, na mkono wake mmoja ulikwenda tumboni wenyewe.

"Nilimwona, Bi Mize," alisema. "Ulipokwisha kupiga niligeuka kuchukua buibui langu. Alikuwa amesimama pale, mweupe pepe. Nikapepesa macho, hayupo."

Bi Mize alizisogeza kando picha nyengine.

"Sikusema kwa sababu kwetu wanasema ukikitaja palepale kinakufuata nyumbani. Siku tano silali. Siku tano naomba Mungu awe mtu, nimwone humu pichani, niseme Alhamdulillahi, alikuwa mtu." Aligusa karatasi kwa kidole. "Hayumo."

Akaanza kulia bila sauti, machozi yakimteremka tu. Alieleza, kwa maneno yaliyokatikakatika, kwamba mimba ya pili ilipotoka mganga wa Tanga alimwambia kuna kitu kinamfuata, na yeye hakuamini, alimcheka. Sasa kaamini. Tangu jana anahisi maumivu chini ya kitovu. Garini hapandi tena, wala chomboni hapandi, asije akafia baharini na kiumbe wake. Atabaki Pemba, atafute wa kumpunga, kama ni mbuzi mweusi achinjwe, kama ni ngoma siku saba zipigwe, ilimradi hiki kimwache.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini hawasemi inapoishia panakuwa na mtu gani amekaa anakungoja. Bi Mize alimtazama binti huyu aliyekunjamana mkekani, akajua kwamba hofu hii ameitengeneza yeye kwa mkono wake, kwa wembe wa senti chache, na kwamba hofu kama hii inaweza kuitoa mimba bila jini yeyote kuhusika. Akajua pia kwamba akifungua mdomo, kazi yake imekwisha. Aliogopa, na hakutaka kujificha kwamba anaogopa. Alitamani Silima angekuwepo aseme yeye.

Akaichukua filamu ya sita. Akamshika Mwanawema mkono, mkono ulikuwa baridi kama wa aliyetoka kisimani, akakiongoza kidole chake mpaka pembeni mwa ukanda, karibu na bega.

"Papase hapa. Taratibu."

Mwanawema akapapasa. Kwengine kote filamu ilikuwa laini kama kioo. Pale palikuwa pamekwaruzwa.

"Alikuwamo," Bi Mize alisema. "Miye ndiye n'liyemtoa, kwa wembe. Alikuwa mtu, mwanangu. Anakula muhogo kama miye na weye. Aliona kimya akaogopa mmoja wetu kaanguka kisimani, akaja kututazama. N'liogopa mumeo akimwona. Nisamehe."

Ilichukua muda maneno yale kuingia. Mwanawema alirudia kupapasa, mara mbili, mara tatu, kama kipofu anayesoma uso wa mwanawe. Kisha pumzi ndefu ikamtoka, na mabega yake, yaliyokuwa juu tangu alipoingia, yakashuka. "Mtu," alisema. Akacheka huku analia, akajifuta kwa ncha ya kanga. "Mtu tu."

"Mtu tu," Bi Mize aliitikia, na yeye machozi yakamlenga.

Walikaa hivyo kidogo, wakishikana mikono. Halafu Bi Mize akaona kicheko kikimkauka mwenzake usoni, polepole, kuanzia machoni. Mwanawema aliitazama tena picha ya sita, nywele zake zilizosukwa, shingo yake, meno yake. Mlango ulikuwa umefungwa, na mle ukumbini hamkuwa na mwanamume. Hata hivyo alinyoosha mkono, akalivuta buibui kutoka mabegani, akalipandisha kichwani, akalishusha mpaka kwenye nyusi, akalikusanya chini ya kidevu na kulishika hapo kwa ngumi.

"Nani?" aliuliza.

Bi Mize alianza kuzikusanya picha mkekani. Nje honi ililia mara mbili, kwa adabu, kisha ikanyamaza. Mwanawema alikigeuza kichwa mlangoni. Akakirudisha, akamtafuta Bi Mize macho, na Bi Mize akashindwa kuyainua yake kutoka mkekani. Hakuna aliyeinuka. Injini ya gari ilikuwa ikinguruma mbele ya baraza, na juu ya kapu na sanduku la Mwanawema, dereva alikuwa akifunga kamba vizuri, akikaza fundo kwa fundo, ili safarini kisianguke kitu.