Picha ya Bernadeta

Jumamosi mchana Venant alikuwa kwenye duka lake la kukodisha mikanda ya video, mtaa wa Pasiansi, akimchagulia Odeta picha ya kutisha. Odeta alikuwa mkata minofu wa kiwanda cha samaki. Venant alimuuliza anaota nini, na akienda chooni usiku anageuka nyuma au hageuki. Ndivyo alivyomfanyia kila mteja, mwaka mzima. Masika aliwapa wateja picha za maji. Kiangazi aliwapa za makaburi, na Krismasi, wale wanaokwenda kula sikukuu kijijini aliwapa ya nyumba yenye ndugu wengi. Hakukosea hata siku moja, ndiyo maana wafu wa mikanda yake walitoka kwenye televisheni wakakaa na mteja mpaka mkanda urudishwe mwanzo. Watu walishazoea. Wengine waliwatuma kuanua dagaa.

Mkewe, Bernadeta, alikuwa akifuta vumbi kwenye makasha, akiona wivu. Hakudhani Venant anamtaka Odeta. Afadhali ingekuwa hivyo, angejua pa kuanzia ugomvi. Kilichomuuma ni kwamba mumewe alijua Odeta anaogopa nini, na yeye, tangu waoane, hajaulizwa.

"Mama Nestory, niwekee, nitapitia jioni," Odeta alimwambia Bernadeta, akamwachia mkanda, akaenda sokoni.

Bernadeta aliupeleka nyumbani akauweka kwenye deki. Mwanamke wa sanda alitoka kwenye kioo cha televisheni, akajipangusa miguu, akatazama sebule yote.

"Shikamoo mama. Odeta yuko wapi?"

"Marahaba. Hayupo. Nitishe mimi."

"Unisamehe, mama. Sikuchaguliwa kwa ajili yako."

Bernadeta akamwelekeza kwa Odeta, akambebesha na mkanda wake. Kisha akarudi dukani.

"Baba Nestory, nichagulie na mimi."

Venant hakuinua kichwa. "Wewe huogopi kitu," alisema, akampa mkanda uliokuwa karibu na mkono wake. Ulikuwa mtupu, hata karatasi ya jina hauna.

Nyumbani ulionyesha chenga tu, vidoti vyeusi na vyeupe. Bernadeta alikaa akazitazama, na baada ya muda akatoka Venant mwingine, mwenye shati lilelile, akapita mbele yake bila kumtazama, akaketi mezani akauliza kama chakula tayari. Huyo hasa ndiye ambaye Bernadeta alikuwa akimwogopa. Hata kwa bahati mbaya, mumewe hakukosea.

Alijaribu kumrudisha. Deki ilirudisha mkanda nyuma mpaka ukagota, lakini mkanda mtupu hauna mwanzo wa kumpokea mtu, na yule bwana akabaki pale pale akisubiri ugali.

Jioni Venant aliporudi alimkuta mwenzake, wakasalimiana, akavuta kiti. Samaki alikuwa mmoja, sato, wakamgawana. Hawajamaliza kula wakaanza kubishana picha ipi itamfaa Odeta vuli ikianza. Mmoja alisema ya mto, mwingine akasema Odeta mto haumtishi, amekulia Kigongo, kando ya maji.

"Mimi naogopa kuzeeka humu ndani bila kuulizwa neno," Bernadeta alisema.

"Ongeza mchuzi," walisema wote wawili, wakaendelea na Odeta.

Akaongeza. Asubuhi kulikuwa na mashati mawili ya kufua.