Mlango Haurukwi

Kabla hajawa mheshimiwa, Baba alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na alama za kazi ile hazikumtoka. Mkutano ukichafuka alipiga makofi mawili tu, na wazee wenye mvi wakanyamaza. Aliwaletea watu wa mto wetu maji ya bomba na zahanati. Barabara aliyoahidi ilifika nyuma ya kilima ikalala huko, na kila alipokuja walimuuliza kama imeshaamka.

Lakini si maji wala zahanati iliyomweka kwenye kiti miaka yote ile. Ni milango. Nyumba ndefu ya Mzee Ngelai ina familia nyingi chini ya paa moja, kila moja na mlango wake, na ukumbi mmoja unapita mbele ya milango yote. Sikukuu ya mavuno ikifika, kila familia huketi mbele ya mlango wake na tuak, pombe ya mchele waliyoiandaa wenyewe. Mgeni huanza mlango wa kwanza mpaka wa mwisho. Kuruka mmoja ni kuwaambia wenyewe kwamba una neno nao.

Mwaka aliposhindwa uchaguzi, watu walidhani hatakuja. Mama husimulia kwamba walipoona mashua yake wengine walijifungia ndani kwa haya. Baba alibisha kila mlango, akanywa kila kikombe, hata kwa wale waliomwimbia mpinzani wake. Alirudi nyumbani amebebwa. Uchaguzi uliofuata, alishinda.

Mwaka huu figo zake zimechoka. Daktari alisema pombe basi, hata tone, kisha akanitazama mimi, binti yake ninayefanya kazi ofisini kwake, kana kwamba ndimi niliyekuwa namnywesha.

"Tusiende, Baba," nilimwambia asubuhi ya sikukuu.

"Sigombei tena, Rinya. Nataka walisikie kwangu, si redioni. Nitawaambia baada ya mlango wa mwisho."

"Na vikombe?"

"Utaninywea wewe. Kidogo kidogo."

Hakuogopa kufa kama alivyoogopa kuwaaga watu wale huku mlango mmoja ukibaki na kinyongo.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mzee Ngelai mwenyewe, mkuu wa nyumba. Baba alipokea kikombe kwa mikono miwili, akasema maneno mazuri, akanipa mimi. Nikanywa. Wa pili vivyo hivyo. Kwenye wa tatu minong'ono ikaanza.

"Ohoo!" Mzee Ngelai akasema kwa sauti. "Sasa nimeelewa. Mheshimiwa anatuonyesha mrithi!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Karibu, mheshimiwa mdogo! Paa la shule linavuja!"

"Na barabara, mwanangu, ukaiamshe!"

Nilimtazama Baba aniokoe. Alitabasamu tu, uso umemwiva. Akikana, ingebidi aseme sababu, na milango ilikuwa bado mingi. Nikaendelea kunywa, masikio yananiwaka.

Tukafika kwa Bibi Lunsa. Bendera ya chama cha upinzani ilining'inia juu ya mlango wake kama kila mwaka. Hakuwahi kumpigia Baba kura, wala hakuwahi kulificha jambo hilo. Baba alipokea kikombe, akanipa. Bibi akanishika mkono.

"We mtoto, weka chini. Hiki nimemwekea adui yangu. Wewe hujanikosea bado."

"Bibi, huyo ndiye mrithi!" mtu akapaza sauti.

"Mrithi gani? Salamu yenyewe anainong'ona. Huko bungeni watamsikia kwa darubini?" Akamgeukia Baba. "Na wewe, Belayong, mwaka huu umeniona mchafu?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha, maana Baba alikuwa amekichukua tena kile kikombe. Hakuwa anaigiza. Nilimwona anakipeleka mdomoni.

"Usinywe!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyojua ninayo. "Bibi, ni mgonjwa. Figo. Hata tone haruhusiwi."

Kikombe kikasimama mbele ya midomo yake. Hakunikaripia.

"Ndivyo, Lunsa," alisema taratibu. "Wala sigombei tena. Nilitaka kusema mwishoni, nisiwaharibie sikukuu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtoto mmoja aliuliza kuna nini, mama yake akamziba mdomo. Bibi Lunsa alimkazia Baba macho, na macho yale yalianza kulowa, jambo lililomkasirisha wazi.

"Mjinga wewe," alisema. "Na mimi nitampinga nani? Yule kijana wa miwani myeusi wa chama chenu, anayekinyemelea kiti chako? Yule hata matusi hayamfai."

Akamnyang'anya kikombe, akakinywa mpaka chini, akajifuta midomo kwa kiganja. Kisha akanyoosha mkono ainuliwe.

"Haya, nipe mkono. Mlango haurukwi. Wangu umekwisha, iliyobaki nitakunywea mimi."

"Bibi, utaweza?" Mzee Ngelai aliuliza.

"Nilianza kunywa wewe hujajua kutambaa."

Wakaenda hivyo, Baba amemshika kiwiko, mimi nyuma yao. Kwenye kila mlango Bibi alitoa maelezo yeye mwenyewe: "Huyu mwizi wa kura figo zimemgomea. Yeye mpeni baraka, kikombe nipeni mimi." Watu walicheka huku wakilia. Wanawake waliushika mkono wa Baba wasitake kuuachia. Mwanamume mmoja ambaye hakusema naye tangu ugomvi wa mpaka wa shamba alimwekea yai la kuchemsha mfukoni, akageuka upande.

Tulipokaribia mwisho Bibi Lunsa alikuwa amemwegemea Baba kwa uzito wake wote. Alisimama katikati ya ukumbi, akainua ngumi.

"Mchagueni Belayong! Hakuna kama Belayong!"

"Lunsa, sigombei," Baba akamnong'oneza.

"Nani kakuuliza?" alisema, akamvuta kuelekea mlango wa mwisho.