Kitabu cha Ndege kwa Kanda Moja

Wateja walimpachika jina la Kitana, kwa kuwa hata akienda kununua chumvi alikuwa na kitana kimechomekwa nyweleni. Alikuwa msusi, tena wa kutegemewa, ila alikuwa na ugonjwa wake mdogo. Mteja akishaingiza kichwa kwenye mashine ya kukaushia nywele, yeye huvuta kigoda, huchomoa simu mfukoni mwa aproni na kuzama kwenye ukurasa wa Vitabu na Muziki Mchanganyiko. Wenzake mtandaoni walitafuta wachumba. Kitana alitafuta vitu vilivyochoka, na ukurasa ule ulikuwa navyo tele: kitabu cha mapishi kilichokosa kurasa za mchuzi, kamusi iliyoliwa na mende kuanzia M, kanda za kwaya zilizofungwa mpira mmoja na kanda za dansi, santuri yenye mkwaruzo ambao muuzaji aliapa kwamba hausikiki kabisa. Kununua hakununua sana. Alipenda kupitapita tu, kama mtu anayekatiza sokoni akibonyezabonyeza maparachichi ya watu.

Siku hiyo kidole chake kilisimama ghafla. Kulikuwa na picha ya vitabu vitatu vimelazwa mezani, vyote vimevishwa karatasi ngumu ya kijani, na pembe ya juu ya kila jalada imekatwa kidogo kwa mkasi. Kitana alizijua pembe zile kama anavyojua vidole vyake. Baba yake alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha kupiga chapa tangu ujana mpaka anastaafu, na mabaki ya karatasi ya kijani aliyabeba nyumbani akavalisha kila kitabu alichokuwa nacho. Pembe alizikata mwenyewe ili majalada yasijikunje. Hakuna mwingine aliyekuwa na wazimu wa namna hiyo.

Ila vitabu vilipigwa picha vikiwa kichwa chini. Ili kusoma majina ilibidi mtu apinde shingo kama kuku anayechungulia punje. Hilo ndilo lililomchoma Kitana kuliko yote, maana baba yake alikuwa mtu wa kukaa ugenini, akaona kitabu kimegeuzwa juu ya kabati la wenyewe, akaomba radhi na kunyanyuka kukiweka sawa. Aliyepiga picha hizi hakuwa msomaji. Alikuwa mwizi, tena mwizi mwenye haraka. Chini yake pameandikwa maneno bila nukta wala mkato: natoa vitabu nachukua muziki kanda au santuri pesa sitaki.

"Muziki!" Kitana alisema kwa nguvu, hata mteja akatoa kichwa kwenye mashine akauliza kama nywele zinaungua.

Baba aliishi na mtu mmoja tu, mdogo wake Kitana, kitinda mimba, ambaye pamoja na ndevu zake zote bado nyumbani aliitwa Kitinda. Alikuwa fundi redio na simu. Zamani, akiwa mtoto, aliifungua redio ya Baba akauza spika yake, na tangu hapo kikipotea hata kijiko katika ukoo ule, macho yote humgeukia yeye. Kitana alimpigia simu papo hapo, mikono bado ina mafuta.

"Kitinda, vitabu vya Baba vinakwenda wapi?"

"Dada, hivyo vitabu viache."

"Niviache? Unavigawa ili upate miziki yako ya kurukaruka, halafu niviache?"

"Sina la kusema, Dada."

"Huna kwa sababu umeshikwa!"

"Haya," Kitinda akasema, akakata.

Alitaka kumuuliza Baba, lakini roho ilimsuta. Mzee wa watu ameishi na vitabu vile miaka yote; kumwambia kwamba mwanawe wa mwisho anavitoa mlango wa nyuma kungemmaliza. Basi akafanya lililokuwa jepesi, na hapo sina la kumtetea. Alifungua kundi la familia kwenye simu, lenye shangazi, mabinamu, na watu ambao hata hakumbuki waliingiaje, akaandika kwamba mdogo wake ni mwizi anayemwibia mzee wake mwenyewe. Akaweka na picha. Shangazi alijibu kwa ujumbe mrefu wa sauti wenye kilio ndani yake. Binamu mmoja akakumbushia ile spika. Kitinda hakujibu neno. Siku hiyo hiyo alichukua mkoba wake wa vifaa akahamia kwa rafiki yake. Baba hakujua kitu, kwani kwenye kundi hakuwemo. Siku zote alisema simu hizi za kuparaza haziwezi.

Kitana alijiona ameokoa nyumba. Kumbe ukurasa haukukoma. Wiki iliyofuata kilitokea kitabu cha ndege, nacho kichwa chini. Kitabu kile Baba alikipanga herufi moja moja kwa mkono wake. Ndicho alichomsomea Kitana alipougua surua, ndicho kilichomwagikiwa chai ukurasa wa bundi, na Baba alikuwa akisema hakitatoka nyumbani mpaka yeye mwenyewe atoke. Nani sasa alikuwa anakitoa?

Akamwandikia muuzaji kwa jina la bandia. Aliuliza maswali mengi, ili amjue adui yake: picha za ndege zipo zote? Kuna doa? Mshono umekaza? Muuzaji alijibu kila kitu kwa upole, bila nukta. Mwisho Kitana akauliza kwa nini anakitoa. Jibu likaja: mwenyewe hawezi tena kukitumia.

Hasira ilimpanda mpaka utosini. Baba yu hai, anakula, anatania, na huyu kijana ameshamzika! Akaahidi kuleta kanda moja. Muuzaji akamwelekeza: njoo mchana nyumba yenye geti la bluu nyuma ya kiwanda cha magodoro mlango utakuwa wazi. Nyumba ya Baba yenyewe! Na mchana ndio wakati Baba hujinyoosha. Kumbe Kitinda anarudi kinyemela mzee akiwa amelala, anafanya biashara sebuleni kwake! Uso mkavu wa namna gani huo?

Kitana akajiandaa kumfuma. Kwa kawaida akienda kwa baba yake huvaa viatu vyake vya kisigino, maana msusi anayeshinda na ndala kutwa naye hupenda kuonekana mtu. Vile visigino hugonga saruji ya uani ko ko ko, na kabla hajapiga hodi Baba humlaki kutoka ndani, "Karibu, mwanangu." Safari hii alivaa raba, atembee kimyakimya. Kanda hakubeba. Ya nini?

Mlango ulikuwa wazi kweli. Aliingia bila hodi, maneno yote ya kumtolea mdogo wake yamejipanga ulimini. Sebuleni hapakuwa na Kitinda. Alikuwepo Baba, macho kodo, ameketi mezani na kitabu cha ndege mbele yake.

"Nani hapo?" Baba akainua uso. "Siku hizi hodi haipigwi?"

Kitana alisimama. Baba alimtazama usoni, kabisa usoni, akatabasamu lile tabasamu analowawekea wageni.

"Ingia, mama, usiogope. Ni wewe wa kitabu cha ndege?"

Kitana alidhani ni utani. Baba yake hakuwa mtu wa kupitisha siku bila kumtania mtu. Akasubiri kicheko. Kicheko hakikuja. Macho ya Baba yalikuwa yametua mahali fulani kwenye paji la uso wake na yalikaa pale pale, hayasogei.

"Mbona kimya? Au una haya? Keti, kiti kipo mkono wako wa kulia, kijana wangu hukiacha hapo."

Kitana akaketi. Hapo ndipo alipoona rafu ya vitabu. Kwenye ukingo wa kila ubao kulikuwa na waya wa shaba uliosokotwa, hapa fundo dogo, pale fundo kubwa. Miezi yote ile alikuwa anakuja, anaongea, anaondoka, na waya zile hakuziona.

"Unatazama rafu?" Baba akauliza, kwa sababu kiti kililia. "Kila anayekuja huishangaa. Ni kijana wangu kanifungia waya hizo, nikipapasa nijue hadithi ziko wapi, historia iko wapi. Presha ya macho, mama. Ilianza pembeni, ikaja polepole kama mtu anayefunga mapazia. Sasa naona kivuli. Daktari alisema kilichoharibika hakirudi. Basi nikasema vitabu niwape wenye macho, na wao wanipe muziki, maana masikio bado mazima. Simu kanitengenezea kijana, inanisomea yenyewe, nami naisemesha inaandika. Picha napiga mwenyewe. Hizo sikumwachia mtu."

Aliongea kwa furaha ya mtu aliyekaa siku nyingi bila wa kuzungumza naye.

"Kila kitabu kabla hakijaondoka, kijana hunisomea mara ya mwisho, mwanzo hadi mwisho. Hiki chako tulikuwa tumefika kwa bundi, wiki iliyopita akaondoka ghafla. Nimemuuliza kwenye simu kagombana na nani, hasemi. Basi kitaondoka hivyo hivyo." Akakipapasa kile kitabu. "Nilitaka kumpa binti yangu. Lakini nikimpa ataniuliza kwa nini namgawia sasa, na yule akianza kuuliza hachoki. Kijana nimemwapisha asimwambie. Binti yangu ana upendo, ila upendo wake una kelele. Akijua tu atanihamishia kwake, anikalishe kibarazani kama chungu cha maua, awe ananigeuzia jua. Wewe ulivyouliza habari za kitabu hiki nikasema, huyu atakitunza."

Akakinyanyua kwa mikono miwili, kichwa chini, akamkabidhi. Kisha akabaki amenyoosha kiganja.

"Haya, na muziki wangu?"

Kitana alitazama kiganja kile. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuwa na kitu cha kuweka pale.

"Shikamoo, Baba."

Kiganja hakikushuka mara moja. "Marahaba," Baba aliitikia kwa mazoea, halafu uso wake ukabadilika, ukazeeka mbele ya mwanawe. Akarudisha mkono, akaupapasa ukingo wa meza.

"Umevaa viatu gani leo?"

"Raba, Baba."

"Kumbe." Akafikiri. "Na kwa nini unaingia kwa baba yako na raba, bila hodi?"

Hapo hapakuwa na pa kujificha. Alimweleza yote: picha, simu aliyompigia Kitinda, kundi la familia, jina la mwizi. Baba alisikiliza kichwa kimeinama upande.

"Kwenye kundi? Na shangazi yenu yumo?"

"Yumo."

"Na kijana hakujitetea."

"Hakusema kitu."

"Aliniapia," Baba akasema. "Nilimfunga mdomo mimi."

Kitana akapangusa uso kwa aproni aliyosahau kuivua. "Nikisafisha jina lake, Baba, itabidi watu wajue habari ya macho yako. Watakuja wote. Shangazi atakuja na begi."

"Waje. Macho yangu hayajamkosea mtu. Kijana wangu kuitwa mwizi, hilo ndilo kosa. Andika."

Aliandika pale pale, vidole vikiteleza kwenye kioo kilicholowa. Alipomaliza Baba akasema, "Nisomee, kabla hujatuma."

Kitana akasoma: "Ndugu zangu, Baba amepata presha ya macho na sasa haoni. Vitabu anavitoa mwenyewe kwa hiari yake. Kitinda hana hatia, amekuwa akimsaidia. Tuzidi kumwombea Baba."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Macho yangu yamo," Baba akasema taratibu, kama enzi zile alipokuwa akikagua ukurasa uliopangwa herufi. "Mdogo wako yumo. Wewe uko wapi?"

Kitana akausoma tena ujumbe, kimoyomoyo, mstari kwa mstari. Akajitafuta. Hakuwemo.

"Futa," Baba akasema. "Panga upya."

Akafuta yote. Akaandika neno moja, Mimi, na kidole chake kikagoma pale juu ya kioo, huku Baba akingoja kusomewa.