Nepi za Mbuzi

Tangu Mocímboa iwe na maduka, hakujaingia mwongo kama Cassimo siku ile. Alinunua beseni, nepi za kitambaa, pamba, spiriti, glavu na wembe mpya, na kila mwenye duka alipomtazama alidakia kwamba mbuzi wake anakaribia kuzaa. Zuleica, mkewe, alisimama nyuma yake kajifunga vitenge viwili vya kapulana, tumbo limemtangulia kama mtu anayepiga hodi. Nazira, muuza sabuni, akameza kicheko, akauliza tu kama huyo mbuzi angependa na poda.

Cassimo hakucheka. Mimba mbili zilizopita walinunua vitu mapema, wakasema waziwazi ni vya mtoto, na mara zote mbili walirudi kutoka hospitali mikono mitupu. Mama yake akakataza: mtoto hatajwi wala haandaliwi kabla hajalia, kuna jicho linasikiliza. Nesi naye akakataza: Zuleica asije kujifungua bila vifaa. Baina ya mama na nesi, Cassimo akamzua mbuzi.

Uongo ulikwenda vizuri hadi kwenye kizuizi cha jeshi karibu na Awasse, wakiwa njiani kurudi kwao Mbau. Askari mmoja, Hermínio, mgeni wa pwani hii, akapanda kwenye chapa, kibasi walichokuwa wamebanana na abiria wengine, akafungua mfuko wao. Akatoa pamba. Akatoa spiriti. Alipofika kwenye glavu uso ukambadilika, akauliza ni waasi gani huko porini wanaopelekewa dawa hizi.

"Ni vya mbuzi," Cassimo akasema, ulimi mkavu hata neno likatoka na vumbi.

"Mbuzi wako anavaa glavu?"

Askari akamwambia ashuke. Magoti ya Cassimo yaligongana kwa sauti. Waliokaa nyuma wanaapa mpaka leo kwamba walidhani ni injini. Neno moja la kweli lingemwokoa, na neno hilo ndilo aliloliogopa kuliko bunduki. Akafumba mdomo, akatanguliza mguu nje.

Zuleica akafunua kapulana.

"Ni vya mwanangu. Yumo humu."

Askari akalitazama lile tumbo. Akarudisha pamba mfukoni taratibu, akawatakia heri, akateremka.

Gari likaondoka, na hofu mpya ikapanda. Mtoto aliyekuwa akirukaruka tangu asubuhi alikuwa ametulia kimya. Zuleica akamshika mumewe mkono, akauweka tumboni. Hakuna kitu. Njia nzima ya mchanga, hakuna kitu. Mkewe alikuwa analia bila sauti.

Ndipo Bi Tatu, mama mtu mzima aliyekaa mbele yao, akageuka.

"Baba, huyo mbuzi wenu ana rangi gani?"

Dereva akajibu kwa niaba yake kwamba ni mweusi, amewahi kumwona. Mwingine akabisha, akasema ana madoa na pembe moja imepinda. Watu waliosikia kila neno kizuizini sasa walimlea yule mbuzi, wakampa ndevu, wakagombana juu ya mkia wake, wote kwa sauti kubwa, ili jicho lolote linalosikiliza lisikie habari za mbuzi tu.

"Mweupe," Cassimo akasema mwishowe. "Tena mkaidi."

Teke likaja. Beseni lililokuwa mapajani kwa Zuleica likaruka hadi kwenye dari ya gari, na dari ile ina bonde hadi leo. Abiria wakashangilia mbuzi. Cassimo hakushangilia. Hakuondoa kiganja chake mpaka Mbau, akisubiri teke la pili.