Marumaru ya Baba Eliamani

Usiku wa jana niliota nyumba yetu imeamka kabla yangu, imeoga, na imesimama nje ya mlango wake yenyewe ikisubiri wateja.

Sikushangaa, kwa sababu nililala na mawazo ya nyumba. Jioni alinipigia simu mwanangu Eliamani, kitinda mimba wangu anayeishi Dar es Salaam. Akasema yuko njiani na watu wawili, mteja na mke wake, watalala mjini hapo chini na asubuhi atawapandisha waione nyumba. "Wakiipenda tunauza, mama, na wewe unakuja kukaa na sisi. Umri huo si wa kukaa peke yako migombani."

Nikamjibu, "Kama mnaona sawa, mwanangu." Ndivyo ninavyojibu siku zote.

Akanitajia mambo wanayoyataka wanunuzi wa siku hizi: jiko la wazi, vyumba vyenye choo ndani, madirisha mapana, marumaru, dari la jipsamu, mahali pa kulaza magari. Nilitaka kumwuliza, na baba yako je? Maana baba yake tulimzika hapo nyuma ya nyumba, kama desturi yetu huku mlimani. Lakini simu ikakatika. Nikasali, nikalala.

Sasa, ndotoni, nyumba inanisalimia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umependeza. Unakwenda wapi?"

"Siendi, nanunuliwa. Hebu nitazame nyuma, bati limekaa sawa?"

Nikatazama. Bati lilikuwa limekunjamana upande mmoja, nikalivuta chini kama unavyomvuta mtoto wa kike sketi siku ya Jumapili. Ikasema asante.

Mara dalali akafika. Dalali alikuwa tangi la maji, lile jeusi la plastiki, limefunga tai. Lilikuja likibiringika kutoka barabarani, likajisimamisha mbele yangu.

"Bwana asifiwe, mama."

"Amina."

"Mimi ndiye ninayeuza nyumba siku hizi. Nyumba isiyo na tangi mteja haiangalii mara mbili."

"Una maji?"

"Hapana, mama. Lakini mteja hafungui kifuniko. Anaangalia kama nipo."

Nyuma ya tangi walikuwepo mteja na mke wake. Mteja alishika futi ya kupimia na alivaa joho la mchungaji. Mke alivaa viatu virefu, na kila alipokanyaga udongo wa migombani alizama, akajing'oa, akazama tena, bila kulalamika. Nilifungua mdomo niwakaribishe, nikakuta tumeshakuwa kanisani.

Sehemu zote za nyumba zimekaa benchi la mbele kama watoto wa kipaimara. Kwetu mtoto asiyejibu maswali mbele ya usharika hapokelewi, anarudia mwaka, na mama yake anapita njia ya nyuma akienda sokoni. Kwa hiyo nilikaa wima. Zilikuwa sehemu zangu zile.

"Dirisha, simama," mteja anasema. "Kazi yako nini?"

Dirisha la mbao likasimama. "Kuingiza mwanga."

"Kiasi gani?"

"Wa kutosha kuchambulia mchele."

"Hautoshi. Dirisha la siku hizi linaingiza mwanga wote."

"Wote?" dirisha likauliza. "Utakaa wapi?"

Tangi likalinong'oneza, "Usibishane na mteja, wewe."

Kikaitwa chumba cha kulala. Kiliulizwa kama kina choo ndani. Kikasema choo kiko nje, karibu na zizi.

"Na usiku watu wanafanyaje?"

"Wanavumilia."

Mteja akaandika kitu hewani kwa kidole. Halafu akaita, "Jiko!"

Jiko letu liko uani, la mawe matatu, jeusi mpaka juu. Liliposimama moshi ulitangulia, ukafika kwenye kwaya, na kwaya ikakohoa kwa sauti nne.

"Wewe ni jiko la wazi?"

"Mimi nina mlango."

"Ndiyo kosa lako. Watu wa leo wanataka mpishi aonekane, azungumze na wageni huku akipika."

"Akizungumza huku akipika atatia chumvi mara mbili," likasema jiko.

Kanisa likacheka. Mzee mmoja wa kanisa akajifuta macho na kusema, "Ni kweli kabisa, na mke wangu hana hata jiko la wazi." Mteja hakucheka.

"Na huo mlango unaficha nini?"

Jiko likanitazama. Mimi nikalikonyeza linyamaze, lakini lilikuwa limefundishwa kusema kweli kanisani. "Mama hulia humu," likasema. "Akitoka watu wanadhani ni moshi."

Nikatazama miguu yangu. Si kila analolijua jiko ni la kusemwa mbele ya usharika.

"Mmeanguka wote," mteja akasema. "Mtarudia mwaka."

Nyumba ikaanza kulia, taratibu, kwa kutumia mifereji ya bati. Nilikuwa natafuta kanga niifute, tangi likasema, "Subiri, mteja. Amebaki mmoja. Yuko nyuma."

Tukatoka kwa mlango wa nyuma wa kanisa, tukatokea nyuma ya nyumba yangu, mbele ya kaburi la Baba Eliamani.

Kaburi hilo lina marumaru nyeupe juu hadi chini. Lina uzio mfupi wa chuma uliopakwa rangi ya fedha, lina lango lake, na juu yake kuna kipaa cha bati la rangi. Watoto walichanga wakalijenga vizuri. Nyumba yenyewe sakafu ni saruji iliyopasuka. Ndivyo tulivyo huku, mtu anaishi na vumbi lake, akishakufa tunamwekea marumaru.

Mteja akapiga magoti. Akalipapasa kaburi kama mtu anayepapasa ng'ombe mnadani. "Hii ndiyo," akasema. "Mbona mlianza na yale mengine? Mwanga pande zote. Hakuna jirani wa ukuta kwa ukuta. Lango lake lenyewe."

"Na kimya," likasema tangi.

"Na kimya! Mjini kimya hakipatikani kwa bei yoyote."

Mke akauliza, "Ni chumba kimoja?"

"Kimoja, kikubwa, cha kujitegemea."

"Na choo?"

"Hakihitajiki," likasema tangi.

Mke akapanda juu akajilaza chali, mikono ubavuni, kama tunavyojaribu godoro dukani. Akafumba macho. Akasema pana ubaridi mzuri.

Kutoka chini ikaja sauti ile ya mtu aliye chooni anapogongewa mlango: "Kuna mtu!"

Mke akaruka, akasimama nyuma ya mumewe.

"Mbona hamkusema ina mpangaji?" mteja akauliza kwa ukali.

"Si mpangaji," nikasema. "Ni mume wangu."

"Ana mkataba?"

"Tulifunga ndoa."

"Mkataba huo unaisha mmoja akifa, mama."

Alisema kweli. Nilikuwepo siku tunaapa, na neno hilo nililisema kwa mdomo wangu.

"Mama Eliamani," sauti ikaita kutoka chini. "Nani hao?"

"Wateja."

"Wamekunywa chai?"

"Bado."

"Haa! Mgeni anaulizwa mkataba kabla ya chai?"

"Wao ndio wanaouliza, Baba Eliamani. Wanataka uhame. Tunakwenda Dar es Salaam kwa mtoto."

Nilisikia akijigeuza, kama alivyokuwa akijigeuza kitandani akiwa na jambo. "Nasikia huko kuna joto."

"Lipo."

"Na Eliamani ndiye anayetaka?"

"Ndiye."

"Haya," akasema. "Kama mnaona sawa."

Miaka yote nimelisema jibu hilo, sikuwahi kulisikia. Sasa nalisikia linatoka ardhini, chini ya marumaru, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumsumbua mtu. Nilishika chuma cha uzio. Kilikuwa cha baridi.

Nataka kumjibu, mara tumeshafika Dar es Salaam.

Tuko ghorofani. Kaburi limewekwa kwenye roshani, kati ya kamba za nguo, na shati la Eliamani linalidondoshea maji. Sebule imeungana na jiko, jiko limeungana na chumba, chumba kimeungana na bafu, na bafu linatazamana na barabara. Kila kitu ni cha wazi. Watu wa ghorofa la jirani wanaoga, wananipungia mkono.

Nikaiambia ile nyumba ya ghorofa, "Nataka kusali. Niingie wapi nifunge mlango?"

"Milango tuliiondoa, mama. Ilikuwa inaziba mandhari."

"Nikitaka kulia je?"

"Lia tu, sebule ni pana. Wageni watakuona vizuri."

Chini mtu akapaza sauti. "Oya, nyie wa juu! Mnatumwagia nini kwenye wali?"

Nikachungulia. Udongo ulikuwa unavuja kwenye roshani, kidogo kidogo. "Samahani, baba," nikamwambia. "Ni mume wangu."

"Mwambieni atulie basi!"

"Ametulia. Ndiyo hali yake."

Baba Eliamani akaita kwa sauti ndogo, ili majirani wasisikie. "Mama Eliamani, mlima uko upande gani? Nataka kugeuza kichwa."

Nikatazama kulia, kushoto, na katikati ya majengo. Nikamwambia asubiri kwanza. Sikuweza kumwambia haupo.

Kengele inalia, tuko kanisani tena, na tangi limesimama kwenye mimbari linasoma matangazo kama yanavyosomwa matangazo ya ndoa. Nyumba yangu iko mbele, imevalishwa shela kutoka kwenye kenchi za paa mpaka msingi. Mteja yuko kando yake. Eliamani, katika suti, amekaa kwenye kiti cha msimamizi, na mke wa mteja yuko nyuma ya wote, ameshika viatu mkononi.

"Tangazo la tatu na la mwisho," linasoma tangi. "Mteja huyu anatarajia kuichukua nyumba ya marehemu Ndekirwa, Baba Eliamani. Mwenye pingamizi atoe taarifa sasa."

"La kwanza na la pili sikuyasikia!" nikasema kutoka kwenye benchi.

"Yalisomwa, mama. Ulikuwa unasema kama mnaona sawa."

Eliamani akageuka. "Mama, kaa tafadhali. Watu wanatutazama."

Nilikuwa bado nimekaa. Aliposema kaa, ndipo nikaona kumbe naweza kusimama. Nikasimama. Magoti yalilia kama bawaba.

"Nina pingamizi."

"Sababu?" linauliza tangi.

"Sioni sawa."

"Hiyo ndiyo sababu?"

"Ndiyo hiyo. Haina nyingine chini yake."

"Una mashahidi?"

Sauti ya Baba Eliamani ikatoka chini ya sakafu ya kanisa, "Mimi hapa."

"Wewe ni marehemu, hutambuliwi."

"Basi nitashuhudia mwenyewe," nikasema. "Sioni sawa. Nimesema mara mbili, sasa tuko wawili."

Tangi likatafuta la kujibu, likatikisika, na kwa kuwa ndani hamkuwa na kitu likalia tupu, *ngoo*, kanisa zima likasikia. Nyumba ikavua shela lake yenyewe, ikalikunja vizuri, ikaliweka juu ya benchi.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Nikafunga mlango nikasali, nikateka maji, nikabandika chai. Nilikuwa bado na neno langu mdomoni, kama mtu aliyeamka na mbegu ya tunda.

Gari likapanda. Akashuka Eliamani, akashuka bwana mmoja mnene mwenye futi mfukoni, mgeni kwangu kabisa. Mkewe alibaki garini.

"Mama, hawa ndio wageni wetu," Eliamani akasema. "Ndiyo mara yao ya kwanza kufika mlimani."

"Karibuni sana," nikasema. "Chai iko tayari. Lakini nyumba, mwanangu, haiuzwi. Mimi sioni sawa."

Eliamani akanitazama kama niliyesema Kiarabu. "Mama! Jana jioni si ulikubali? Watu wametoka Dar es Salaam!"

"Ndiyo maana kuna chai."

"Baba alikufa, mama. Yule pale nyuma hajui tuko wapi."

"Mimi najua yeye yuko wapi."

Akavua miwani akaifuta, akairudisha. Nilimwona anavyofanana na baba yake, na nilimwonea huruma, lakini neno sikulirudisha.

Yule bwana akacheka kwa adabu. "Mama yangu, kuangalia si kununua. Tuache tuzunguke tu mara moja." Akamgeukia mkewe. "Shuka, mama watoto."

Mlango wa gari ukafunguka. Alishuka taratibu, macho yake mekundu kidogo kama ya mtu aliyelala vibaya. Miguuni alivaa kandambili. Hakutazama nyumba wala migomba. Alinijia moja kwa moja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani kwa jana," akasema kwa sauti ya chini.

Eliamani akauliza, "Jana? Jana lini?"

Mimi nikamwambia yule mama, "Yamepita. Baba Eliamani hakukasirika." Akashusha pumzi.

"Haya, twende ndani," mumewe akasema, akitoa futi. "Tuanze na jiko. Hujaliona hata jiko lenyewe."

"Nimeshaliona," mkewe akasema, akarudi kukaa kwenye gari.