Kiganja Mgongoni

Mjane alilala kifudifudi nyuma ya gogo, bunduki ya marehemu mumewe begani, na kushoto kwake akaacha nafasi ya mtu mmoja. Mazoea yana tabu. Enzi zao yeye ndiye aliyelenga, mume akatazama kilichoko nyuma ya mnyama. Akiridhika, humwekea mkewe kiganja mgongoni na kunong'ona, "Nyuma ni udongo." Bila kiganja hapakuwa na risasi, hata mnyama angesimama akawasalimia.

Tangu wamzike, mjane hakuwahi kufyatua. Kila alipolenga alingoja kiganja, na mnyama akaenda zake. Ndiyo maana shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyelala kulia kwake, alikuwa ameshasema bila kupepesa macho: "Leo msimu wa kuwinda unafungwa. Usipopiga, bunduki tuirudishe serikalini. Bunduki isiyopigwa ni fimbo ya bei mbaya." Hakujua kuwa hapo nyuma ya gogo ndipo mahali pekee ambapo mjane alikuwa bado analala karibu na mumewe.

Kulungu dume akatokea juu kabisa ya kilima.

"Piga, shemeji! Unangoja akuletee kiti?"

"Nyuma yake ni anga tupu. Nikimkosa, risasi itashukia kwa nani?"

"Ataondoka!"

"Na aondoke."

Alitoa kidole kwenye kifyatulio, machozi yakimlengalenga. Kwaheri bunduki, kwaheri gogo. Lakini kulungu hakuwa na haraka. Aliteremka akila majani, akasimama kimya, akawapa ubavu, nyuma yake ukingo mnene wa udongo.

Mjane alikingoja kiganja kwa mwili mzima, kama mtoto anayengoja kufunikwa shuka. Hakikuja. Basi akanong'ona mwenyewe, kwa sauti ileile ya mumewe, "Nyuma ni udongo."

Risasi ilikuwa moja. Mnyama alianguka palepale, hakuteseka.

Akatoa ganda, akahakikisha bunduki ni tupu, kisha akageuka kushoto, akitabasamu. "Umeona?"

Nyasi za upande ule zilisimama wima, hazijalaliwa na mtu.

"Tumeona, shemeji," akajibu mdogo wa marehemu kutoka kulia, kwa sauti ya chini. "Bunduki ni yako. Sitasema tena tuirudishe."

"Asante," alisema mjane, bila kugeuka. "Nilikuwa namtaka kaka yako."